Ubabe wa Milimita 180: Vinara wa Gemu za Mkononi Ndani ya Dashibodi

Dashibodi ya gari ni uwanja mgumu. Kuna jua, kuna mtikisiko, kuna umeme unaopanda kila injini inapowaka, na nafasi ya maana ni moja tu: tundu la redio. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 sasa, wapenzi wa magari kuanzia Marekani hadi Japani wamekuwa wakichomoa redio na kupachika mahali pake kifaa cha gemu cha mkononi. Nani aliingia kana kwamba tundu lilikatwa kwa ajili yake? Nani aligonga mwamba? Nani mdogo, nani mpana, nani mlafi wa umeme? Rula iko mezani. Tuanze.

1. Uwanja finyu kuliko wote: tundu la DIN

Upana milimita 180, kimo milimita 50. Wajerumani ndio waliopanga kipimo hiki, na mwaka 1984 kikawa kipimo cha dunia kwa jina la ISO 7736. Toa kadi mbili za benki uzilaze ubavu kwa ubavu: zinachukua milimita 171 kwa 54. Yaani kadi zako mbili tu zinakaribia kujaza tundu zima kwa upana, na kwa kimo zinalizidi!

Ndugu yake mkubwa ni DIN mbili, milimita 180 kwa 100. Hapo ndipo mashindano yenyewe yanapochezwa. Lakini wasomaji wetu wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala wana bahati ya pekee, kwa sababu magari mengi ya Toyota yaliyotoka Japani yakiwa yametumika yana tundu la milimita 200 kwa 100. Ndilo lile lenye redio ya maandishi ya Kijapani inayoanzia 76 na kuishia 90, ambayo mwenye gari huichoka kabla hata namba za usajili hazijakauka. Milimita 20 za ziada zinaonekana kichekesho. Subiri namba 5.

2. Mkongwe: Mattel Auto Race, 1976

Gemu ya kwanza ya mkononi iliyoendeshwa kwa elektroniki tupu ilikuwa ipi? Ya mbio za magari! Mattel Auto Race ya Marekani ilitoka mwaka 1976. Gari lako ni kistari chekundu cha taa chini ya kioo, magari mengine ni vistari vinavyoshuka kukukabili kwenye njia tatu, na kazi yako ni kuvikwepa huku ukibadili gia. Programu yake nzima ilikaa kwenye baiti 512. Meseji moja ya simu yenye herufi 160 inatumia baiti 140. Kwa hiyo mbio zote zile, gia, ajali na saa ya kuhesabu muda, ni pungufu ya meseji nne.

Dashibodi yenyewe ilikuwa imeanza burudani mapema zaidi. Redio ya Motorola iliingia kwenye magari ya Wamarekani mwaka 1930. Mwaka 1956 kampuni ya Chrysler ikathubutu kufunga chini ya dashibodi mashine ya kuchezea santuri, sindano na yote, ndani ya gari linalokwenda. Santuri zake zilizunguka polepole mno, mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, nusu ya mwendo wa santuri za muziki za mizunguko 33. Nani anadai kupachika gemu kwenye gari ni wazimu mpya?

3. Aliyeingia kama kashonewa: PSP

Huyu ndiye bingwa, na simfichi hadi mwisho.

PSP ya Sony ilitoka Japani tarehe 12 Desemba 2004. Vipimo vyake: upana milimita 170, kimo 74, unene 23. Iweke mbele ya tundu la DIN mbili. Kushoto zinabaki milimita 5, kulia 5. Fremu nyembamba tu ya plastiki inaziba pengo. Kwa kimo zinabaki milimita 26, nafasi ya kutosha kuweka swichi, tundu la kuchajia simu na taa ndogo chini yake. Hakuna mhandisi wa Sony aliyepima dashibodi alipokuwa akiichora, lakini vipimo vimekutana kama vya pete na kidole.

Na si umbo pekee. Skrini yake ya inchi 4.3 imelala kwa upana, jinsi dashibodi inavyotaka. Tundu la vipokea sauti ni lile la kawaida la milimita 3.5, kwa hiyo waya mmoja wa AUX unaipeleka sauti yote kwenye spika za gari. Inacheza muziki na filamu, siyo gemu tu. Toleo la 2007 lilipungua unene hadi milimita 18.6 na uzito ukashuka kutoka gramu 280 hadi 189, likaongezwa na njia ya kutolea picha kwenda kwenye runinga. Hiyo ina maana mtoto wa kiti cha nyuma anaweza kupata kioo chake.

Sasa tuingie kwenye nyaya, maana hapa ndipo kazi nzuri inapotengana na kazi mbovu. Chaja ya PSP inatoa volti 5 kwa ampea 2, basi: wati 10. Gari linatoa volti 12 likiwa limezimwa na takriban 14 injini ikinguruma. Katikati lazima kiwepo kifaa cha kupunguza umeme hadi volti 5, na kabla yake fyuzi. Nyuma ya redio nyingi za kununua utakuta waya wa njano, mwekundu na mweusi. Njano una umeme saa zote. Mweusi ni wa bodi. Mwekundu ni wa ACC, unapata umeme ufunguo ukigeuzwa tu, na huo ndio wa kuipa PSP. Fundi anayeunganisha kwenye njano kwa sababu uko karibu anakuachia gari ambalo siku moja halitawaka asubuhi.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: mlango wa diski. Diski za PSP, zenye kipenyo cha milimita 60, huingilia kwa nyuma. Ukiigandisha PSP kwa gundi ndani ya fremu umejifungia gemu moja milele. Mafundi hodari hutengeneza fremu yenye reli, kifaa kinateleza kuja mbele, diski inabadilishwa, kinarudi. Huo ndio ufundi wa kuvuliwa kofia.

4. Mdogo kuliko wote katika orodha hii: Game Boy Micro

Nintendo iliitoa mwaka 2005. Upana milimita 101, kimo milimita 50, unene 17.2, uzito gramu 80. Rudia kuisoma hiyo ya kimo. Hamsini! Kimo kilekile cha tundu la DIN moja, bila milimita kuzidi wala kupungua. Hata gari kuukuu la miaka ya 1980, lenye tundu jembamba la redio ya kaseti, linaipokea, na pembeni zinabaki milimita 79 za kufunga vitufe vya sauti.

Kasoro yake ni skrini ya inchi 2. Ukiwa umeegemea kiti, mkono mzima mbali na kioo, wachezaji wanakuwa chembe. Anachukua taji la udogo, basi.

5. Waliokosa kwa milimita 2

Hii ndiyo sehemu inayouma. Nintendo Switch ya mwaka 2017, ukiivua vishikio vyake vya pembeni, ina upana wa milimita 173. Safi kabisa. Kimo? 102. Tundu ni 100. Milimita 2 zinamnyima kiingilio mmoja wa mabingwa wa mauzo!

PS Vita, mdogo wake PSP, iliyotoka Desemba 2011, ilipata mkosi huohuo kwa upande wa pili. Kimo 83.5, kinaingia kwa raha. Upana 182. Tundu 180. Milimita 2 tena.

Lakini kumbuka tundu la Toyota la milimita 200. Vita inaingia humo na kubakiza milimita 18! Gari lililoteremshwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na redio isiyopita 90 linaipa Vita nafasi ambayo gari la Ujerumani linainyima. Switch haisaidiki, maana kimo cha tundu la Toyota ni kilekile 100. Hapo ni lazima fundi atoe msasa na kukwangua fremu, na ukishakwangua dashibodi hairudi ilivyokuwa. Mimi nisingeikwangua.

6. Mpana kuliko wote katika orodha hii: Legion Go

Steam Deck ya mwaka 2022 ina upana wa milimita 298. Lenovo wakaja mwaka 2023 na Legion Go: milimita 298.83. Ushindi wa chini ya milimita moja, lakini ushindi ni ushindi. Rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 inaizidi kwa milimita moja na ushee tu. Uzito wake ni gramu 854, zaidi ya mara kumi ya Game Boy Micro.

Kwenye dashibodi wote wawili wamekataliwa mlangoni. Tundu lingehitaji kupanuliwa kwa sentimita 12, na hapo utakutana na mabomba ya kiyoyozi. Pazuri pao ni kishikio imara nyuma ya kiti cha mbele, abiria wa nyuma afaidi.

7. Mlafi: Sega Game Gear

Mwaka 1990 Sega ilileta skrini ya rangi yenye taa nyuma yake, wakati Game Boy ilikuwa bado na rangi za kijivujivu. Bei ya rangi ilikuwa betri: Game Gear ilimeza betri sita za AA kwa saa 3 hadi 5. Game Boy ilitumia nne, na ikadumu mara kadhaa ya muda huo. Ukitaka kucheza Game Gear katika safari ya basi la Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita zaidi ya 800, ungebeba betri nyingi kuliko nguo. Sega wenyewe waliuza waya wa kuichomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, na huo ulikuwa ukombozi.

Hapa gari linaonyesha ubabe wake. Betri ya gari ya ampea-saa 50 kwa volti 12 ina wati-saa 600. Betri ya PSP ya kwanza ina wati-saa 6.5 hivi. Ni mara 92! Game Gear iliyokuwa ikilia njaa mkononi, kwenye gari inashiba.

8. Mahali pa moto kuliko pote: juu ya dashibodi

Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Arizona State na California, San Diego, walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani siku za kiangazi. Baada ya saa moja, usukani ulifika wastani wa nyuzi 53 za Selsiasi, viti 51, na dashibodi 69. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi.

Nintendo inashauri Switch itumike kati ya nyuzi 5 na 35. Dashibodi ya kwenye jua imezidisha kiwango hicho karibu mara mbili. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45, na ndiyo sababu betri iliyovimba ni jambo linalojulikana sana kwa wenye vifaa vilivyosahaulika garini. PSP ina kinga ambayo washindani wake wengi wa leo hawana: unaivua betri kabisa na inafanya kazi kwa waya peke yake. Kinachobaki ni plastiki na saketi, visivyovimba. Ubaya wake ni kwamba ukizima gari kabla hujahifadhi, safari yako ya kwenye gemu imepotea. Hifadhi kwanza, ndipo uzime.

9. Waliouzwa kuliko wote

Nintendo DS: vifaa milioni 154.02. Jumlisha Watanzania wote wa sensa ya 2022 (milioni 61.7), Wakenya wote wa sensa ya 2019 (milioni 47.6) na Waganda wote wa sensa ya 2024 (milioni 45.9). Jibu ni milioni 155.2. Kila mtu katika nchi hizo tatu, mtoto wa mgongoni na mzee wa mkongojo, karibu angepata DS yake!

Na kufikia mwisho wa Septemba 2025, Switch ilikuwa imefika milioni 154.01, tofauti ya vifaa 10,000 hivi, huku ikiwa bado inauzwa. Watu 10,000 ni moja ya sita ya viti vya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mdogo wake, Switch 2, aliuzwa milioni 3.5 ndani ya siku nne za Juni 2025. Hiyo inakaribia mara mbili ya wakazi wote wa Zanzibar.

PSP iliuzwa zaidi ya milioni 76. Hachukui medali hapa, lakini idadi hiyo inawazidi Watanzania wote kwa milioni 14.

10. Mwenye kasi na roho ngumu: Game Boy

Mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi Aleksandr Serebrov alipanda na Game Boy yake hadi kituo cha anga cha Mir, na gemu ya Tetris ndani. Ilikaa huko siku 196, ikizunguka dunia kwa zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Dar es Salaam hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni dakika moja na nusu. Hakuna dashibodi itakayoifikia.

Game Boy nyingine iliungua katika Vita vya Ghuba, mwili ukayeyuka na kuwa mweusi, na bado ikawaka. Kwa miaka mingi ilioneshwa katika duka la Nintendo jijini New York, ikiendelea kucheza Tetris. Kwa bahati mbaya kimo chake ni milimita 148, hivyo kuingia kwenye tundu la redio lazima ilazwe, na utacheza shingo upande.

11. Kioo kirefu cha kiwandani

Watengenezaji wa magari nao waliingia ulingoni. Mwaka 1986 Buick Riviera ya Marekani ikawa gari la kwanza kuuzwa na skrini ya kugusa. Tesla Model S ya 2012 ikaleta inchi 17. Kisha mwaka 2021 Mercedes-Benz EQS ikaja na Hyperscreen: kioo kimoja cha sentimita 141 kutoka mlango hadi mlango, chini yake skrini tatu. Hiace nyembamba, ile ya daladala na matatu, ina upana wa sentimita 169.5 kwa nje. Toa milango pande zote, na kioo hicho kingeijaza ndani yote.

Tesla ikapeleka gemu mbali zaidi, kiasi kwamba Desemba 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi kuhusu magari yapatayo 580,000, kwa sababu gemu zilichezeka gari likiwa linatembea. Yapange magari hayo bampa kwa bampa, kila moja mita 4.7: yatatoka Mombasa hadi Kampala, yatarudi Mombasa, na mkia wa zaidi ya kilomita 400 utabaki. Tesla ilizifunga gemu hizo. Ikawa ni gari lisimame kwanza.

12. Waya mmoja unaozidi nyaya zote kwa thamani

Ni wa kijani hafifu mara nyingi, na umeandikwa breki ya mkono. Kwenye redio zenye skrini, waya huu hukata picha hadi handibreki ivutwe. Mafundi wengi wanaupeleka kwenye bodi ili picha iwake muda wote, na wateja wanalipia huduma hiyo.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, sekunde 5 za kutazama kioo ni mita 111. Uwanja wa mpira wa kimataifa una mita 105. Umevuka goli hadi goli, na kupita nyavu, bila kuiona barabara.

PSP haina waya huo, lakini fundi anaweza kuutengeneza: relei moja ndogo kati ya kipunguza umeme na kifaa, ikiongozwa na swichi ya handibreki. Handibreki ikivutwa gemu inawaka, ikishushwa inakufa. Kazi ya kukamilisha hiyo ni ndogo kuliko ya kukata fremu, na kwangu mimi ndiyo inayoamua kama ufungaji unastahili kuhesabiwa katika orodha hii.

Basi taji la dashibodi ni la PSP ya 2007: milimita 169.4 kwa 71.4, gramu 189, betri imetolewa, umeme kutoka ACC. Vita ni wa pili, kwa wenye Toyota tu, na Game Boy Micro wa tatu. Ukimpelekea fundi gari lako, mwambie aanze na relei ya handibreki, kabla hajagusa redio.